Je, Yafaa Kununua Pikipiki ya Kale Iliyoundwa Jana?

Wasomaji wetu wa Kiseke wametuletea shauri ambalo kwanza tulidhani ni la kuchekesha, kisha tukaona kwamba halichekeshi hata kidogo. Mwalimu mmoja aliyestaafu amepokea kiinua mgongo chake. Nyumba anayo, na watoto wake wote wamekwisha kujitegemea, isipokuwa wa mwisho. Sasa ataka kuagiza pikipiki; wala si moja ya hizi tunazoziona kila njia panda, bali moja ya zile zinazoundwa siku hizi kwa mfano wa pikipiki za Kiingereza za miaka ya 1950: tangi la mviringo kama tone la maji, taa ya duara, bomba la moshi lenye kung'aa, na mlio mzito wa polepole. Mwanawe mkubwa amekataa. Asema kwamba kwa fedha hiyo baba angenunua pikipiki tatu za kazi, akawapa vijana kwa mkataba, nazo zikamlisha kila juma. Majirani wamegawanyika, na kila upande wataka gazeti liamue.

Gazeti si baraza la ukoo, wala hatupendi kuingia kati ya baba na mwanawe. Lakini ndani ya ubishi huu limo swali lililo la watu wengi kuliko hao wawili. Kitu kipya kilichovikwa sura ya kitu cha kale kina thamani gani? Na mtu wa kipato cha kadiri ana haki ya kukitamani?

Tuanze na historia, maana wengi wanaozisifu pikipiki hizi hawajui zilikotoka. Royal Enfield ni jina la kampuni ya Redditch, Uingereza, iliyotoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1901, na aina yake iitwayo Bullet, yaani Risasi, ikaanza mwaka 1932. Jeshi la India liliipenda pikipiki hiyo, na mwaka 1955 kampuni ya kuiunda ikaanzishwa Madras, mji ambao leo waitwa Chennai. Kampuni ya Uingereza ikafa mwaka 1970. Ile ya Madras haikufa. Wahindi waliendelea kuunda pikipiki ile ile, mwaka baada ya mwaka, wakati dunia nzima ilikuwa imeisahau. Ndipo mwaka 2009 wakatoa aina waliyoiita Classic, yenye injini mpya ndani ya sura ya zamani, na mwaka 2021 wakaibadili tena tangu fremu hata injini.

Wengine hawakuwa na mwendelezo huo. Bonneville ya kampuni ya Triumph ilitokea mwaka 1959 katika kiwanda cha Meriden. Kiwanda kilifungwa mwaka 1983, jina likanunuliwa na mjenzi wa nyumba, John Bloor, naye akajenga kiwanda kipya Hinckley. Na Bonneville ikaonekana tena mwaka 2000. BSA, waliokuwa watengenezaji wa bunduki wa Birmingham kabla ya kuwa watengenezaji wa baiskeli na pikipiki, walianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwishoni mwa mwaka 2021 pikipiki yao iitwayo Gold Star ilifufuliwa na kampuni ya India iliyo chini ya kundi la Mahindra. Hata Wajapani, ambao ndio waliowazika Waingereza, wameingia katika biashara hii: Honda Super Cub ya mwaka 1958, pikipiki iliyouzwa kuliko chombo kingine chochote chenye injini duniani, ilirudishwa mwaka 2018 kwa umbo lake la mwanzo na taa za kisasa.

Na tuseme wazi kwa nini pikipiki za Kiingereza zilikufa. Hazikuuawa na watu wasiojua uzuri. Zilivuja mafuta. Umeme wake ulikuwa wa kubahatisha, na kuiwasha asubuhi ya baridi kulihitaji mguu wenye nguvu na moyo wa subira. Honda ilipotoa CB750 mwaka 1969, yenye silinda nne, stata ya kubonyeza kidole na breki ya diski gurudumu la mbele, mnunuzi hakuhitaji kuhubiriwa. Kwa hiyo pikipiki iliyofufuliwa haiuzi ukale wote. Yauza ule uliobaki baada ya kufuta mafuta sakafuni. Classic ya leo haina hata kiki ya kuipiga; unabonyeza kitufe, nayo yawaka.

Hapa ndipo wakali wasemapo kwamba jambo zima ni udanganyifu. Wanao mfano mzuri wa kututajia. Triumph walipoacha kabureta katika Bonneville yao mpya, wakaweka mfumo wa kupuliza mafuta unaoongozwa na kompyuta, waliufinyanga mfumo huo ukafanana na kabureta kwa nje, ili jicho la mnunuzi lisione kwamba kitu kimebadilika. Je, huo si uongo wa chuma? Sisi twaona si uongo, kwa sababu kiwanda hakikuficha. Kila muuzaji hueleza kilichomo ndani, na kila mnunuzi alijua. Uongo wahitaji mtu wa kudanganywa. Lakini ni kweli pia kwamba mnunuzi aweza kujidanganya mwenyewe, na kwa kazi hiyo hahitaji msaada wa kiwanda chochote.

Wala kubadili viungo peke yake hakukifanyi kitu kuwa cha bandia. Pale Bujora, Kisesa, mahali palipoanzishwa na Padre David Clement ili kuhifadhi mambo ya Wasukuma, ziko ngoma za watemi. Ngoma ikichakaa ngozi huwambwa ngozi nyingine, na hatujasikia mtu mzima akisema kwamba ngoma ile si ile tena. Mfano mkubwa zaidi waelea ziwani. Meli ya MV Victoria iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza safari mwaka 1961. Mwaka 2014 ilisimama, na watu wa Bukoba wakaona miaka ya tabu. Ikafanyiwa ukarabati, ikatiwa injini mpya, na mwaka 2020 ikarudi kati ya Mwanza na Bukoba. Mwili ni ule ule, moyo ni mwingine, kazi ni ile ile. Mama anayepakia mikungu ya ndizi Kemondo hasumbuliwi na swali kama meli hii ni ya kweli au ni mfano. Imemfikisha.

Kiseke yenyewe yajua namna nyingine ya kufufuka, nayo ni ya jina tu. Watu husema washushwe Kiseke PPF, kwa ajili ya nyumba zilizojengwa na mfuko wa pensheni wa jina hilo. Mfuko huo uliunganishwa na mingine mwaka 2018, na PPF haipo tena. Lakini kondakta wa daladala angali akiitaja. Jina lilibaki kwa sababu nyumba zilibaki. Lau nyumba zingebomolewa na mtu akajenga nyingine Nyamhongolo, kisha akazibandika jina lile, tungemwuliza ana haki gani. Twadhani swali hilo ndilo la kuwauliza wafufua majina ya pikipiki, na majibu yao hayalingani. Kiwanda cha Chennai chaweza kujibu kwamba mafundi wake hawakuweka nyundo chini tangu miaka ya 1950. Anayenunua jina lililolala miaka mingi kaburini na kulibandika juu ya tangi hana jibu zuri kama hilo, hata kama pikipiki yake ni nzuri.

Lakini lipo jambo ambalo pande zote mbili za Kiseke hazijaliona, nasi twalisema kwa furaha kidogo. Katikati ya miaka ya 1970 wahandisi wa Honda waliona kwamba katika nchi za joto na vumbi watu hubebesha pikipiki mizigo mizito mno, husahau kubadili oili, na hawana fundi wa karibu. Badala ya kuwalaumu watu hao, waliwaundia injini iliyoweza kuvumilia: silinda moja, vali zinazosukumwa kwa vijiti kama katika injini za zamani, vipande vichache, na rahisi kufunguliwa. Pikipiki hiyo iliitwa CG125. Pakistan wangali wakiitengeneza chini ya jina la Honda hata leo. Wachina waliiga injini hiyo viwanda kwa viwanda, na nyingi ya pikipiki za Kichina za ukubwa wa 125 na 150 zilizoijaza nchi yetu tangu miaka ya 2000 ni watoto na wajukuu wake. (Boxer na TVS, zitokazo India, ni ukoo mwingine, mafundi wetu wasituandikie barua za hasira.)

Basi tazameni kijiwe cha bodaboda pale Kiseke. Pikipiki ya Kichina iliyosimama chini ya mwembe, yenye kiti kilichopasuka na mkeka wa mpira uliofungwa nyuma, ndiyo iliyobeba injini ya nusu karne iliyopita, na haijui kwamba ni ya kale. Ile ya mwalimu itakuwa na umbo la miaka ya 1950 na injini ya mwaka 2021. Ni ipi iliyo pikipiki ya zamani? Yule anayesema kwamba apenda ukale anaupita kila siku njiani bila kuusalimu.

Tumemwuliza mwalimu, kwa njia ya wasomaji wetu, ni nini hasa akumbukacho. Jibu lake ni la kweli, nalo latustahilia heshima. Yeye hakuwahi kuendesha pikipiki ya Kiingereza. Aliyoendesha kazini ni Honda ya serikali. Ile ya Kiingereza aliiona akiwa mtoto, ikiwa imempakia bwana shamba aliyekuja kukagua pamba. Ilisikika tangu mbali, na watu waliacha majembe wakasimama. Hicho ndicho alichokibeba moyoni zaidi ya miaka hamsini.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema neno gumu. Katika siku zile pikipiki ilikuwa ya wachache: bwana shamba, mkaguzi, polisi, padre. Mlio wake ulitangaza kwamba anakuja mtu wa kusikilizwa. Lugha yetu iliupa mlio huo jina. Wazee walisema tukutuku, sisi twasema pikipiki, na yote mawili ni sauti tu. Mkulima alikuwa na miguu yake, na mavuno yakiwa mema alikuwa na baiskeli. Tangu hapo chombo hiki kimeshuka kwa watu. Baada ya kanuni za mwaka 2010 za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki, kikawa kazi halali ya maelfu ya vijana, na leo mama mwenye tenga la nyanya apanda nyuma na kushushwa mlangoni pake Buswelu. Twasema huko kushuka ni jambo jema mojawapo katika mambo mema ya wakati wetu. Sasa mtu atamanipo pikipiki yenye sura ya siku zile, yafaa ajiulize kama atamani chombo, au atamani watu waache majembe na kusimama. Cha kwanza huuzwa dukani. Cha pili hakikuwa ndani ya injini hata wakati ule. Kilikuwa katika sare ya bwana shamba na katika hofu ya mwenye pamba, na hatungependa kukiona kikifufuliwa.

Hatusemi kwamba mwalimu ana tamaa hiyo. Twasema tu kwamba mtoto yule aliyesimama shambani aliona mambo mawili kwa mara moja, uzuri na ukubwa, wala si rahisi kwa mtu mzima kuyatenganisha.

Tukija kwa mwanawe, hoja yake yaonekana kuwa na busara yote, ila ina kosa. Yeye afikiri kwamba shilingi isiyozaa ni shilingi iliyopotea. Kama ni hivyo, kwa nini kijana wa bodaboda hufunga mwavuli wa rangi, vitambaa vya kiti na maandishi ya utani kwenye pikipiki ambayo bado hajamaliza kuilipia? Kwa nini wavuvi wa Mwaloni hupaka mitumbwi rangi tatu, wakati moja yatosha kuzuia maji? Kwa nini babu zetu walivipamba vyama vyao vya ngoma, Bagika na Bagalu, wakashindana siku nzima kwa ajili ya sifa isiyoliwa? Mwanadamu maskini hupenda uzuri sawa na tajiri, na pengine huulipia kwa bei kubwa zaidi. Hatukubali fundisho kwamba mtu wa Kiseke apaswa kununua faida peke yake, na uzuri awaachie watu wa London. Mzee aliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini na zaidi hana deni la kugeuza kila kitu alicho nacho kuwa mradi.

Tena mradi wenyewe si salama kama kijana audhaniavyo. Pikipiki ya mkataba hurudi baada ya mwaka, ama hairudi. Kijana aliyeiendesha hurudi mzima, ama apelekwa Bugando, ambako wadi za majeruhi zawajua sana vijana wa bodaboda. Anayetuma watoto wa wenzake barabarani ili wamletee hesabu kila juma naye ana maswali ya kujibu, na hatujasikia yakiulizwa katika ubishi huu. Je, kuna kofia ngumu mbili kwa kila pikipiki? Je, kijana ana leseni? Akiumia, nani atamlipia? Fedha izaayo si lazima iwe safi kuliko fedha istareheshayo.

Hata hivyo yumo mtu mmoja katika nyumba ile ambaye hakuna aliyemtaja kwa muda mrefu, naye ni mtoto wa mwisho, aliye bado shuleni. Na yumo mama. Kiinua mgongo chapokelewa kwa jina la mtu mmoja, lakini miaka iliyokizaa ililiwa na watu wawili: ni nani aliyepika, akalea, akahamahama kutoka shule hata shule na masanduku kichwani? Kabla baba na mwana hawajaamua kati ya pikipiki moja na pikipiki tatu, twataka kusikia mama asemaje. Hatukuandikiwa neno lake, na jambo hilo latutia mashaka kuliko habari yote ya kabureta. Ada ya mtoto ikiwekwa kando kwanza, kwa miaka yote iliyosalia, na mama akiridhika kweli kweli, si kwa kunyamazishwa, ndipo kilichobaki kiitwe cha mwalimu.

Na kikibaki, sisi twaona yafaa anunue. Twasema hivyo kwa sababu tofauti na yake. Asinunue ili kuurudisha utoto. Mtoto yule wa shamba la pamba hatashuka kutoka kwenye kiti hicho. Anunue kwa kuwa ni chombo chema cha leo: injini ya silinda moja ya ukubwa wa 349, nguvu za farasi kama ishirini hivi, isiyomshawishi mtu kukimbia, yenye breki za diski zenye kinga ya kuzuia gurudumu lisifunge kwenye matope. Mzee aweza kwenda nayo polepole hata Magu akaona mawe na ziwa. Sura yake ya zamani itampendeza kila aamkapo asubuhi, na hiyo ni sababu ya kutosha. Lakini ikiwa atainunua na kuifunika turubai, akiifunua kwa wageni tu, basi kijana amesema kweli: fedha imezikwa, na afadhali zile tatu.

Iko pia habari ya uzito. Pikipiki hiyo ina kilo 195 hivi, nazo njia za ndani za Kiseke zina miteremko, mawe, na wakati wa masika mifereji inayohama kila juma. Mtu wa miaka sitini na kitu ikimlalia mahali pa namna hiyo hainui peke yake. Ajaribu kwanza ya mtu mwingine, na aisukume kupanda mlima injini ikiwa imezimwa.

La mwisho ni la vipuri, nalo huamua mambo mengi kuliko falsafa. Fundi wa kijiweni, anayeifungua injini ya Kichina na kuifunga tena kabla chai haijapoa, atasimama na mikono nyuma mbele ya kisanduku cha kompyuta. Plagi, oili, cheni na tairi atavipata au atavibadilishia. Kihisi kimoja kidogo kikifa, pikipiki yote yaweza kulala uani majuma mengi ikingoja kifurushi kutoka ng'ambo. Kabla ya kulipa, mwalimu amwulize muuzaji ni vipuri gani anavyo hapa nchini, ni fundi gani aliyefundishwa kazi hiyo, na vikikosekana vitachukua siku ngapi kufika Mwanza. Na majibu ayapate kwa maandishi, yenye mhuri wa duka.